Kipimo Kimoja, Milango Mingi

Mei 1997 mawaziri wa mazingira wa nchi za G8 walikutana Miami na kutoa tamko kuhusu afya ya mtoto na mazingira yake. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kutekeleza: viwango vya usalama vilivyopimwa kwa watu wazima havimlindi mtoto. Kwa kila kilo ya uzito wake, mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mama yake na hunywa maji mengi kuliko baba yake. Hutambaa palepale vumbi linapotua, na mkono uliotoka sakafuni huishia mdomoni. Ubongo na mapafu yake yangali yanajengwa, kwa hiyo sumu inayompita mtu mzima bila dalili yaweza kumwachia mtoto upungufu wa maisha yote.

Kuyathibitisha haya si kazi ya chuo kikuu kimoja. Daktari wa watoto hana maabara ya kutafuta viuatilifu kwenye mkojo. Mkemia hakufundishwa kupima akili ya mtoto wa miaka saba. Mtakwimu hajawahi kubisha hodi kwa kibarua wa shambani. Tena madhara yenyewe ni madogo kwa mtoto mmoja mmoja, hubainika tu watoto wakiwa mamia au maelfu na wakifuatiliwa tangu tumboni. Vyuo vikiwa vingi, lazima awepo mratibu, na shida zake ni za kila siku. Chupa zipi zitumike, maana plastiki ya chupa yaweza kuchafua sampuli kwa kemikali ileile inayotafutwa? Friza iwe na baridi kiasi gani? Dodoso litafsiriwe na nani? Jina la nani litangulie kwenye makala? Mama atapewa majibu ya kipimo chake, au yataishia kwenye kompyuta?

Baada ya Miami, Marekani na Japani zilijibu maswali hayo kwa namna mbili zilizotofautiana sana. Marekani ilianzisha vituo vingi vilivyoshindania ruzuku, kila kimoja na swali lake. Japani ilikawia, kisha ikajenga mradi mmoja wa taifa wenye mwongozo mmoja. Wanaolinganisha mapokeo haya huyaona kama mvutano wa uhuru na umoja, na hututaka tuchague upande. Naona mvutano huo hauelezi lililotokea. Vituo vilivyofaulu, huku na kule, vilifunga jambo moja na kufungua jingine: kipimo kilikuwa kimoja ndani ya kila mradi, na milango ya kuwafikia watoto ilikuwa mingi, tena ilikuwa imekwisha kufunguliwa na watu wengine kabla watafiti hawajafika.

Marekani: mashahidi wasiofahamiana

Mwaka 1998 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, na taasisi ya taifa ya sayansi za afya ya mazingira, NIEHS, zilifadhili vituo 8 vya kwanza vya afya ya mazingira ya watoto. Katika miaka iliyofuata vituo vilivyowahi kufadhiliwa vilifika 24, kwa gharama iliyozidi dola milioni 300. Sharti mojawapo lilikuwa geni kwa wanasayansi wengi: utafiti ufanywe pamoja na wakazi wa mahali, wakazi wasiwe watu wa kutolewa damu tu.

Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikaenda bonde la Salinas, kunakolimwa letasi na stroberi, na kuwasajili wajawazito 601, wengi wao wa familia za vibarua wenye asili ya Mexico. Mradi ukaitwa CHAMACOS, ukiongozwa na Brenda Eskenazi. Chuo Kikuu cha Columbia, chini ya Frederica Perera, kikabaki mjini, kaskazini mwa Manhattan na kusini mwa Bronx, miongoni mwa mama Waamerika Weusi na wenye asili ya Jamhuri ya Dominika. Mshirika wake wa mtaani alikuwa WE ACT, chama cha Harlem ambacho tayari kilikuwa kinapigania hewa safi. Kundi la tatu lilikuwa la hospitali ya Mount Sinai, hukohuko New York.

Makundi haya hayakufanana. Salinas viuatilifu vilitoka shambani, vikaja nyumbani kwenye nguo na viatu vya kazi. New York dawa ilipulizwa ndani ya vyumba kuua mende. Berkeley na Mount Sinai walipima mabaki ya viuatilifu vya jamii ya oganofosfati kwenye mkojo wa mama. Columbia walipima kiuatilifu kimoja cha jamii hiyo, klopirifosi, kwenye damu ya kitovu. Mwaka 2011 jarida la Environmental Health Perspectives lilichapisha makala tatu, moja kwa kila kundi, na zote zikaelekea upande mmoja: mtoto aliyekutana na viuatilifu hivyo zaidi akiwa tumboni alipata alama za chini katika vipimo vya akili alipokua. Salinas, tofauti kati ya moja ya tano ya watoto waliopata sumu nyingi zaidi na moja ya tano waliopata kidogo zaidi ilikuwa alama 7 za IQ.

Hapo ndipo uhuru ulipolipa. Mashahidi watatu wasioishi mtaa mmoja wala kusimama pembe moja wakisema neno lilelile, hakimu husikiliza. Lakini uhuru huohuo ulikuwa na deni. Watafiti walipojaribu baadaye kuunganisha takwimu za makundi manne, kundi la Cincinnati likiwemo, tofauti za mahali na mahali zilijitokeza na kuzuia jibu moja lililo wazi. Kisha EPA ikaomba takwimu ghafi za Columbia. Chuo kikasita, kikisema familia ziliahidiwa siri. Wapinzani wa kupigwa marufuku kwa klopirifosi wakapata pa kushika. EPA ilikataa kuipiga marufuku mwaka 2019, ikakubali mwaka 2021, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi huo. California haikungoja, ilisimamisha mauzo ya klopirifosi mwaka 2020. Vituo vilikuwa na ushahidi mzito, ila havikuwa na mapatano ya awali kuhusu nani ataruhusiwa kuukagua, na kwa masharti gani.

Upande wa mlango, hata hivyo, Marekani ilifundisha kitu ambacho Japani haikukifikia. Salinas majibu yalirudi kwa familia yakiwa ushauri wa kutendeka: badili nguo za shamba kabla ya kumkumbatia mtoto, na uzifue peke yake. Vijana waliokulia katika bonde hilo wakawa watafiti. Katika mradi wa HERMOSA walisaidia kupanga utafiti wa wasichana 100 waliotumia vipodozi visivyo na kemikali fulani kwa siku tatu tu, na kemikali hizo zikapungua kwenye mikojo yao. Swali la vipodozi ni la wasichana wenyewe. Tume ya maprofesa ingelichelewa sana. Mgeni njoo, mwenyeji apone: ukarimu wa Salinas ulilipwa, kwa sababu mgeni alikubali mwenyeji amwelekeze pa kutazama.

Japani: mwenye kovu usidhani kapoa

Wajapani hawakuhitaji tamko la Miami kujua sumu inavyompata mtoto tumboni. Mei 1956 daktari Hajime Hosokawa, wa hospitali ya kiwanda cha Chisso, aliripoti ugonjwa wa ajabu wa neva katika mji wa Minamata. Julai 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walitamka kwamba chanzo ni zebaki katika samaki. Wasomi wenye majina Tokyo wakaleta nadharia zao nyingine, na mjadala ukavurugika. Serikali haikukiri rasmi kwamba taka za kiwanda ndizo chanzo hadi Septemba 1968. Katika miaka hiyo watoto walikuwa wanazaliwa na ugonjwa ambao mama zao hawakuuonyesha, ingawa iliaminiwa kwamba kondo la nyuma huzuia sumu.

Ushahidi uliofunga shaka ulitoka kabatini. Familia nyingi za Kijapani hukausha kipande cha kitovu cha mtoto na kukitunza katika kisanduku kidogo cha mbao. Kwetu pwani huzikwa. Daktari Masazumi Harada alizunguka akiomba vitovu hivyo, na zebaki iliyokutwa ndani, iliyochapishwa mwaka 1975, ilipanda na kushuka kufuatana na miaka ya uzalishaji kiwandani. Sampuli hizo hazikukusanywa na kituo chochote cha utafiti. Zilitunzwa na akina mama, kwa mapenzi na mila.

Mradi wa Japani uliokuja baadaye, JECS, ni mtoto wa historia hiyo. Wizara ya Mazingira iliuanzisha Januari 2011, na kufikia Machi 2014 ulikuwa umesajili mimba zipatazo 100,000. Ofisi kuu imewekwa katika taasisi ya taifa ya utafiti wa mazingira mjini Tsukuba, na kituo cha kitaifa cha afya ya watoto cha Tokyo kinasimamia upande wa tiba. Chini yao kuna vituo 15 vya mikoa, kutoka Hokkaido hadi Okinawa, vinavyoendeshwa na vyuo vikuu, Kumamoto ikiwa mojawapo. Damu, mkojo, damu ya kitovu, maziwa na nywele huchukuliwa kwa utaratibu mmoja. Lengo la kwanza lilikuwa kuwafuatilia watoto hadi miaka 13; baadaye ikaamuliwa waendelee kufuatiliwa hata wakiwa watu wazima.

Kwa juu juu huu ni umoja wa amri: wizara inasema, vyuo vinatii. Lakini amri haimfanyi mjamzito anyooshe mkono atolewe damu. Kilichosaidia ni kijitabu cha afya ya mama na mtoto, ambacho mjamzito hupewa na manispaa anapoandikisha mimba yake. Mizizi yake ni ya mwaka 1942, na sura ya kijitabu cha mama na mtoto ilipatikana 1948. Watafiti walisimama palepale mama anapokwenda kwa hiari yake, kwenye dirisha la manispaa na kliniki anayoifahamu. Tetemeko na ajali ya nyuklia ya Machi 2011 vilipoikumba Fukushima, usajili ukiwa ndio kwanza umeanza, kazi haikufa. Mwaka uliofuata eneo la utafiti likapanuliwa kufikia mkoa mzima. Ofisi za manispaa zilikuwa hapo kabla ya JECS, na watu walizihitaji kwa mengine mengi.

Kasoro ya mapokeo haya ni ya upande wa pili. Maswali makuu yalipangwa juu, na nafasi ya mama wa kijijini kuongeza lake ni finyu kuliko Salinas. Nchi ambayo Minamata iliifunza kwamba wizara na wasomi wa mji mkuu waweza kukosea kwa miaka tisa, wakati chuo cha mkoani kimekwisha kusema kweli, ilipaswa kuliogopa hilo zaidi.

Marekani ilipojaribu umoja

Kama siri ingekuwa ni umoja wa amri tu, Marekani nayo ingefaulu. Sheria ya afya ya watoto ya mwaka 2000 iliagiza utafiti wa taifa wa watoto 100,000, wafuatiliwe hadi miaka 21. Mpango wa awali ulikuwa wa kitakwimu safi: kaunti zichaguliwe kwa bahati nasibu, kisha watafiti wabishe hodi nyumba kwa nyumba wakitafuta wanawake wajawazito au wanaotarajia kushika mimba. Usajili wa majaribio ulianza 2009. Njia ya hodi ilikuwa ghali na ya polepole. Ikaachwa, na kazi ya vyuo vingi ikahamishiwa kwa makandarasi wachache. Desemba 2014 mkurugenzi wa taasisi za taifa za afya za Marekani, NIH, Francis Collins, aliufunga mradi. Zaidi ya dola bilioni moja zilikuwa zimekwisha kutumika, na watoto waliosajiliwa walikuwa kama 5,000.

Wengi walilaumu ukubwa wake, lakini JECS ililenga idadi ileile na ikaifikia kwa miaka mitatu. Tofauti ilikuwa mlangoni. Mgeni asiyejulikana alifika kwenye nyumba iliyochaguliwa na kompyuta, akiomba mkojo, vumbi la zulia na ahadi ya miaka 21. Vituo vya Salinas na Harlem vilikuwa na kliniki na vyama vya mtaa vya kuwatambulisha. Mradi wa taifa ulikuwa na orodha ya anwani. Mwaka 2016 Marekani ikageuka: mpango wa ECHO uliyakusanya makundi ya watoto yaliyokwisha kuwapo, ukaanza kuyawekea kipimo cha pamoja, na ukapata watoto zaidi ya 50,000. Milango ikabaki kama ilivyokuwa, kila mahali na wake.

Kayonza, Addis Ababa na Owino Uhuru

Kwetu kanuni hiyo imekwisha kujaribiwa. Mradi wa HAPIN ulizikutanisha wilaya ya Kayonza, mashariki mwa Rwanda, na Guatemala, Peru na jimbo la Tamil Nadu, India. Wajawazito 3,200 walisajiliwa, 800 kila nchi. Nusu walipewa jiko na mitungi ya gesi bila malipo. Wengine walibaki na kuni. Kamati za maadili zilikuwa nyingi: kamati ya taifa ya Rwanda, chuo cha Sri Ramachandra cha Chennai, Universidad del Valle ya Guatemala, na za vyuo vya Marekani kama Emory na Johns Hopkins. Hata hivyo kifaa cha kupima moshi kilikuwa kimoja, kikivaliwa mwilini ndani ya kizibao au aproni. Familia zilizobaki na kuni nazo ziliahidiwa fidia, na aina yake ilijadiliwa na watu wa kila nchi.

Matokeo yaliyochapishwa 2022 yalivunja matumaini. Chembe laini za moshi zilikuwa mikrogramu 70.7 kwa mita ya ujazo kwa waliobaki na kuni na 23.9 kwa waliopewa gesi, lakini uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Wangetumia vipimo vinne tofauti, kila mmoja angekuwa na wa kumlaumu. Kwa kuwa kipimo kilikuwa kimoja, jibu la hapana lilisimama, na wapanga sera wakajua kwamba gesi inayoanza katikati ya mimba haitoshi kuongeza uzito wa mtoto. Jibu kama hilo huokoa fedha za umma sawasawa na jibu la ndiyo.

Addis Ababa inatufundisha kuhusu fedha. Mradi wa GEOHealth wa Afrika Mashariki umeunganisha Ethiopia, Kenya, Rwanda na Uganda katika utafiti wa uchafuzi wa hewa na afya. Muundo wake ulikuwa wa ruzuku mbili pacha: ya utafiti ilipewa Chuo Kikuu cha Addis Ababa, ya mafunzo ikapewa chuo cha Marekani, University of Southern California. Katika miradi mingi tuliyoizoea chuo cha ng'ambo hupokea vyote, kisha hugawa. Anayeshika fungu la utafiti ndiye huamua friza iwe wapi, na friza ndiyo huamua nani ataandika makala miaka kumi baadaye.

Kisha kuna Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliojengewa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Hapo mlango haukukosekana. Phyllis Omido, aliyefanya kazi kiwandani, alimwona mwanawe akiugua. Kipimo kilipoonyesha risasi kwenye damu ya mtoto, alikusanya majirani na kuanza mapambano. Kiwanda kilifungwa 2014, yeye akapata Tuzo ya Mazingira ya Goldman 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, amri ambayo baada ya rufaa Mahakama ya Juu iliirejesha Desemba 2024. Kilichokosekana ni kipimo: hapakuwa na kituo kilichokuwa kinapima damu za watoto wa mtaa huo kwa utaratibu, mwaka hadi mwaka. Mama alilazimika kuwa mgonjwa, mtafiti na mdai kwa pamoja.

Pa kuanzia

Mkutano wa vyuo vyetu unaotaka kuanzisha kituo cha namna hii huanza, kwa mazoea, na jina la kituo na mgawo wa bajeti. Mapokeo niliyoyalinganisha yanataka mpangilio mwingine. Mlango tunao: kadi ya kliniki. Mama wa Tandika, wa Kisumu au wa Kayonza huibeba tangu mimba hadi chanjo ya mwisho, bila kulazimishwa na mtafiti. Kipimo kichaguliwe kimoja cha kuanzia, na pendekezo langu ni risasi kwenye damu, kwa sababu chanzo chake kinaweza kuondolewa na serikali ya mtaa ina la kufanya majibu yakitoka. Maabara zote zipime sampuli zilezile za majaribio kabla ya mtoto wa kwanza kuchomwa sindano.

Mapatano ya takwimu yaandikwe kabla ya fedha kuingia, yaseme nani atazikagua na siri za familia zitalindwaje, tusije tukaanza kubishana baadaye kama Columbia na EPA. Sampuli zibaki katika nchi zilikotoka, na nakala ya majibu ya kila mtoto iandikwe kwenye kadi yake, mahali ambapo muuguzi na mama wataisoma pamoja. Mengine yote, kuanzia mavazi ya wasaili hadi swali la ziada ambalo kila mtaa utataka liulizwe, yaachwe mikononi mwa watu wa mahali. Mratibu anayetaka kuyasimamia na hayo atapata ripoti zinazofanana na mama wasiorudi kliniki.